Mara Alizotajwa Daktari

Asubuhi hiyo niliondoka Kitale bila kumuaga mtu, kwa kuwa hapakuwa na wa kumuaga. Nilikuwa nimelala kwa wiki kadhaa kwenye stoo ya mzee mmoja aliyenipa kazi ya kupukuchua mahindi, na mahindi yalipoisha kazi nayo iliisha. Nilikunja blanketi lake nikaliweka juu ya gunia tupu mahali atakapoliona, nikafunga mlango kwa kijiti. Barabarani nilisimama kidogo. Upande mmoja ulikuwa wa mlimani, na mlimani kulikuwa na baridi. Upande mwingine ulishuka Kiminini. Nikashuka.

Watu huniuliza kwa nini situlii. Niliacha shule nikiwa darasa la saba. Karo ilikuwa sababu moja, lakini pia mwalimu alikuwa amechoshwa na maswali yangu, nami nimechoshwa na majibu yake. Tangu hapo nimefanya kila kazi isiyodai cheti, na kila mahali hukaa mpaka nijue kitu kinavyofanyika. Nikishajua, nyayo huanza kuniwasha. Najua miwa inavyochemshwa ikawa sukari nguru. Najua fundi anavyonyoosha gari lililopinduka na kuliuza kwa mtu asiyejua. Siku ile nilikuwa naelekea kujua namna daktari anavyokuwa mkubwa duniani, na kati ya yote niliyojifunza, hilo peke yake ndilo ningependa kulitapika.

Pembeni mwa mji wa Kiminini nilimkuta mama mmoja amesimama kando ya barabara na sanduku la plastiki miguuni, yale ya kuwekea barafu. Ukanda wa sanduku ulikuwa umekatika. Nilikuwa na kamba ya gunia mfukoni, nikamfungia, na kwa kuwa siwezi kubeba kitu bila kujua ni nini, nikamuuliza kilichomo.

"Makohozi," akasema.

Nusura niliangushe. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Yamefungwa, ndugu yangu. Hayaumi."

Nilimbebea hadi ofisini kwao, nikiuliza njia nzima. Makohozi ya nani? Yanaenda wapi? Mtu anajuaje kwamba haya ni yake na yale ni ya jirani? Mwishowe akaniambia nauliza kama serikali, kisha naye akaniuliza swali lake moja: najua Kibukusu? Nikamwambia najua kile cha shambani. Akasema hicho ndicho wanachohitaji, maana kijana aliyekuwa akimbebea sanduku alikuwa amepata kazi ya kuchunga duka. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Alikuwa muuguzi. Wagonjwa wote walimwita Sista, nami nikamwita hivyo hivyo. Mradi ulikuwa wa daktari mmoja mtafiti, mtu wa Kabuchai aliyesoma sana, na ofisi ilikuwa nyumba ya kupanga nyuma ya maduka. Walikuwa wanafuatilia watu wanaokohoa kwa muda mrefu katika vijiji vya Kiminini, Naitiri na sehemu za Kabuchai, kujua wanakohoa nini na kwa nini wengine wanachelewa kwenda hospitali. Kazi yangu ilikuwa sanduku, njia na salamu. Kazi ya Sista ilikuwa kila kitu kingine.

Mtu asidhani kumwomba mwenzake makohozi ni jambo jepesi. Ni lazima uyapate asubuhi kabla ya chai, na yatoke kifuani, si mate tu ya mdomoni. Na kuna adabu. Katika maboma ya huko mtu hawezi kujikohoza na kutema mbele ya mkwe wake. Afadhali afe nayo. Kwa hiyo Sista akifika bomani alikuwa kwanza anauliza nani ameoa hapa, nani ni mama mkwe wa nani, ndipo aseme kopo hili liende nyuma ya nyumba, hili lingoje hadi mama aende kisimani. Alikumbuka mambo hayo kama mtu anavyokumbuka njia ya kwao. Na majibu yakitoka, alirudi mwenyewe kumwambia kila mtu, hata yule ambaye hakuwa na ugonjwa wowote. Alisema ukichukua kitu kifuani kwa mtu huwezi kunyamaza nacho.

Siku za kwanza makohozi yalinitia kichefuchefu. Nilikuwa nageuza uso kila kopo likiingia kwenye sanduku. Sikujua kwamba ningefika mahali pa kuyaona kuwa kitu kisafi kuliko vyote katika mradi ule.

Daktari alikuja ofisini siku chache katika wiki. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye mikono laini, na alipenda mayai ya kuchemsha. Alikaa mezani, akafungua kompyuta, akaanza kumenya yai la kwanza kabla hajatusalimia. Mwanzoni nilidhani anasoma habari za wagonjwa. Nilipita nyuma yake nikiwa nimebeba chai, nikaona picha yake mwenyewe, chini yake orodha ndefu ya maandishi, na pembeni namba. Alikuwa anaitazama namba hiyo kama mkulima anavyotazama mawingu mwezi wa tatu. Ikiwa imepanda, alikula yai lote kwa mara moja na kutuuliza habari za nyumbani. Ikiwa imesimama, alibonyeza tena, na tena, maganda yakamdondokea kwenye fomu za watu wa Naitiri, akayapangusa kwa kiwiko.

Nilimuuliza Sista ile namba ni ya nini. Tulikuwa tunatembea kati ya mashamba ya mahindi, sanduku tumelishika pande mbili.

"Daktari akiandika kitu kwa jarida," akasema, "na mwingine akaandika chake, akasema, kama alivyosema fulani, basi huyo fulani ametajwa. Kila akitajwa wanahesabu."

"Wanahesabu ya nini? Si wasome tu alichoandika."

"Wakubwa wake hawana muda ya kusoma. Kuhesabu ni rahisi."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliniambia cheo cha daktari chuoni kinategemea ameandika makala ngapi na ametajwa mara ngapi, na safari za nje, na miradi, na hata kuitwa profesa. Nikaona si jambo baya lenyewe. Hata fundi mzuri hujulikana kwa kutajwa. Mtu akikuuliza nani alikujengea, unamtaja.

Lakini nilikaa kwenye ofisi ile nikichemsha chai, na mtu anayechemsha chai husikia yote.

Nilisikia jinsi utafiti mmoja unavyokatwa vipande. Makohozi ni yale yale, watu ni wale wale, lakini kulikuwa na makala ya wanaume wanaokohoa, makala ya wanawake wanaokohoa, makala ya umbali wa kwenda hospitali, na nyingine kuhusu ugumu wa kufanya utafiti wa wanaokohoa. Kila moja iliitaja nyingine. Namba ilipanda bila mtu mwingine yeyote kufungua mdomo. Daktari alimweleza mgeni mmoja, akicheka, kwamba mbuzi mmoja akikatwa vizuri analisha arusi nzima.

Nilisikia pia simu za marafiki zake, madaktari wa miji mingine. Nilidhani watazungumza dawa, lakini Daktari alikuwa anasema: "Bana, hiyo yako ya juzi nimeiona, lakini mimi uliniacha wapi? Mimi nilikuweka kwa zangu zote." Kisha kicheko, kisha ahadi. Ilikuwa kama majirani wanaosifiana harusini: wewe ukisimama niseme, mimi nikisimama useme. Wanafunzi wake walipokuja na kazi zao kukaguliwa, alienda moja kwa moja kurasa za mwisho, mahali wanapoandika majina ya waliowataja. Akikosa jina lake, aliirudisha ile kazi mezani kwa kidole kimoja. "Hii bado haijaiva," alikuwa anasema. Mwanafunzi alirudi baada ya siku chache, ikiwa imeiva.

Na kulikuwa na majina ya kuongezwa. Mkubwa mmoja wa ofisi ya mbali, ambaye hakuwahi kukanyaga Kiminini, jina lake lilikaa kwenye kila makala. Nilimuuliza Daktari mwenyewe, kwa kuwa siwezi kujizuia, mzee huyo alifanya kazi gani. Hakukasirika. Alinitazama kwa huruma ya mtu aliyeshiba. Akasema huyo ndiye anayefungua milango. Nikamuuliza, na Sista yeye hufungua nini? Akasema, "Wewe chemsha chai."

Sasa niseme jambo lenyewe lililonifanya niandike haya, maana bila hilo ningeondoka na kichefuchefu changu kama nilivyoondoka kwingine.

Sista alikuwa na hamu moja. Alitaka kwenda kusomea digrii ya pili, ya utafiti, na chuo kilikuwa kimemwambia nafasi ipo na kuna wa kumdhamini, ila alete makala moja iliyochapishwa yenye jina lake. Moja tu. Muda wa kupeleka ulikuwa unaisha mwezi ule. Na si kwamba alikuwa anaomba zawadi. Nilimwona kwa macho yangu akiandika, saa ya chakula, kwenye kona ya meza, na kipande cha muhogo mkononi. Alikuwa anaandika, anafuta, ananiuliza yule baba wa karibu na kinu alisema nini hasa, anaandika tena. Daktari alichukua, akabadilisha maneno machache ya mwanzo, akapeleka. Makala ilipotoka, chini kabisa palikuwa na shukrani kwa "wauguzi wa nyanjani." Hata hapo hakuwa na jina. Alipomuuliza, Daktari alimwahidi ijayo. Ijayo ilipotoka, akamwahidi ijayo. Ile ya mwisho ilikuwa inahusu kwa nini watu wanachelewa kwenda hospitali, na aliiandika Sista toka juu hadi chini. Daktari alimwapia mbele yangu kwamba jina lake liko, tena la pili baada ya lake.

"Nimeweka, Sista. Si unaniamini?"

Sista akasema anamwamini. Nilipomtazama nikaona hana namna.

Daktari akapewa uprofesa. Nyumbani kwao Kabuchai wakaandaa sherehe ya kumkaribisha, na mimi nikatumwa mapema kusaidia, kwa kuwa nimewahi kufanya kazi ya kuchinja. Boma la baba yake limezungukwa na miwa, na katikati walikuwa wamesimamisha hema jeupe, viti vya kukodi, na bango kubwa lenye picha yake na ile namba. Waliichapa kwa rangi nyekundu. Hapo ndipo nilipoona kwamba hata baba yake, ambaye alifanya kazi ya shamba maisha yake yote, alikuwa ameikariri.

Kwa watu wa boma lile ng'ombe hagawanywi kimya kimya. Akishachunwa, vipande hupangwa juu ya majani ya migomba, na mjomba wa mwenye sherehe, ambaye wao humwita khocha, husimama na kutaja kila kipande na mwenyewe. Kidari ni cha khocha, kwa sababu mama wa mwenye sherehe alitoka kwao. Shingo ni ya waliochinja. Matumbo ni ya akina mama waliobeba maji. Kuna cha jirani aliyeazima sufuria. Hata aliyeshika kamba hutajwa. Ukitajwa unaitika na kuchukua. Na kama umepewa kisichokufaa, huendi kunung'unika nyuma ya jiko. Unakirudisha juu ya majani mbele ya watu wote, na khocha analazimika kukuuliza kwa nini. Hakuna anayekula kabla ya swali hilo kujibiwa. Nilimuuliza mzee tuliyekuwa tunachuna naye kama jambo hilo hutokea mara kwa mara. Alisema aliliona alipokuwa kijana, na watu wa boma hilo hawakusahau.

Hotuba zilianza kabla ya nyama. Mshereheshaji alisoma namba kwenye bango na kusema profesa wetu anatajwa dunia nzima. Watu wakapiga makofi. Kukhu mmoja, yaani bibi kizee, aliyekaa mbele, shangazi wa baba yake Daktari, akainua mkono, akauliza kwa sauti, bila kipaza sauti, jambo ambalo mimi sikuwahi kulifikiria.

"Wanakutaja kwa mema ama kwa mabaya?"

Hema lote likacheka. Daktari akacheka pia, akainama kumshika mkono.

"Kukhu, haijalishi. Bora wanitaje."

Wakacheka tena. Kukhu hakucheka, alimtazama kama mtu anayengoja jibu lenyewe lije. Baadaye Sista alinieleza kwamba Daktari alikuwa amesema kweli tupu. Akitokea mtu akaandika kwamba kazi yako ni uongo, hiyo nayo inahesabiwa.

Sista alikuwa amekuja na wengine wa mradi, amevaa gauni la bluu na kitambulisho cha mradi shingoni. Alikuwa amekaa nyuma karibu na tangi la maji, simu mkononi. Ile makala ilikuwa imetoka asubuhi hiyo. Nilimwona akiifungua, akipandisha, akishusha, akipandisha tena. Nilienda kuosha kisu pale tangini.

"Iko?" nikamuuliza.

Alinipa simu nisome mwenyewe. Jina la Daktari lilikuwa la kwanza. La mwisho lilikuwa la yule mkubwa anayefungua milango. La pili, pale alipoahidiwa, lilikuwa jina la mpwa wa Daktari, mtoto wa dada yake, kijana aliyekuwa anatafuta nafasi ya kusoma nje. Nilimjua. Alikuja nasi nyanjani asubuhi moja tu, Naitiri. Alimpa mwanamume kopo mbele ya mama mkwe wake, mwanamume akatoka bomani, na sisi tukafukuzwa. Kisha alitapika kando ya gari kwa kuona makohozi. Siku hiyo ya sherehe alikuwa amekaa meza ya mbele na miwani ya jua.

Sista alimfuata Daktari nyuma ya jiko. Sikuwa mbali, na sijifanyi kwamba sikusikiliza. Alimuuliza jina lake liko wapi. Daktari alitazama kwanza kama kuna mtu, akaniona mimi, akaona si mtu.

"Sista, leo usiniharibie siku, tafadhali. Huyu kijana alikuwa na haraka ya visa. Yako inakuja."

"Muda wangu unaisha wiki hii. Unajua."

"Si kuna mwaka ujao?" Akanigeukia. "Wewe, mwambie khocha mama huyu apewe mguu mzima. Mguu wote, umesikia?"

Akampiga begani kidogo, kama unavyompiga ng'ombe atembee, akarudi kwenye hema akipangusa mikono.

Nimeona mambo machafu. Nimefanya kazi ya kuzibua vyoo vya soko. Lakini mkono ule laini begani ulinifanya nirudi tangini kunawa.

Khocha alianza kugawa. Alikuwa mzee mrefu mwenye koti jipya, sauti ya kanisani. Alitaja kidari, akakiweka kando. Alitaja shingo, mimi na wenzangu tukaitika. Alitaja akina mama wa maji, jirani wa sufuria, aliyeshika kamba. Kisha akataja mguu wa nyuma, mzima, wa mama wa hospitali aliyetoka Kiminini. Watu wakageuka kutazama mgeni gani anayeheshimiwa hivyo.

Sista akaja. Akauchukua ule mguu kwa mikono miwili, damu ikamchafulia gauni. Akasimama nao kidogo. Halafu akauinamisha, akaurudisha juu ya majani.

Khocha akatazama ule mguu, akatazama upande wa meza ya mbele. Lakini hakuwa na njia ya kuliruka lile swali.

"Kwa nini unarudisha, mama?"

"Ng'ombe huyu nilichunga mimi," Sista akasema. Hakupaza sauti. "Siwezi kugawiwa kama mgeni."

Khocha akamgeukia mpwa wake profesa, akamuuliza maana ya maneno hayo. Daktari akasimama akitabasamu, akaanza kueleza habari za majarida, taratibu, kamati. Khocha akamkatiza: huyu mama alifanya kazi au hakufanya?

"Alisaidia kubeba, khocha. Na wabebaji tunawashukuru. Lakini mbebaji hatajwi."

Yule aliyeshika kamba alikuwa amesimama karibu yangu. Alikitazama kipande chake mkononi kama mtu aliyepewa kwa makosa.

Nilimtazama khocha. Wote tulimtazama. Kwa desturi yao wenyewe, jibu lile halikuwa jibu. Alikuwa ametoka kuwataja wabebaji wa maji. Angesema neno moja tu, na sidhani Daktari angekula siku hiyo. Lakini koti alilovaa lilinunuliwa na Daktari, na mabati mapya ya nyumba yake, yaliyokuwa yanametameta ng'ambo ya miwa, yalikuwa ya Daktari. Khocha akakohoa, akapangusa mdomo.

"Amejibu," akasema. "Tuombe, tule."

Sista akavua kitambulisho shingoni, akakilaza juu ya ule mguu, akaondoka kupitia njia ya miwa. Kwaya ikaanza kuimba. Mshereheshaji akasema mambo ya vyuo ni mazito, watu wakacheka kama waliofunguliwa. Baada ya muda mfupi nikaona mtu amekichukua kile kitambulisho kwa ncha ya kisu na kukitupa kwenye maganda ya ndizi, na mguu ukaingia kwenye sufuria pamoja na nyama nyingine.

Mimi nilichukua shingo yangu. Nilikuwa nimeichinjia. Niliila nimesimama, na ilikuwa nyama nzuri, na hilo nalo lilinikera.

Nilimkuta Sista barabarani akingoja gari la kwenda Bungoma. Alikuwa anajaribu kutoa damu kwenye gauni kwa jani la muwa. Nikamuuliza swali, kama kawaida yangu. Nilimuuliza atafanya nini.

"Chuo imeenda, ya mwaka huu," akasema. "Naenda kwa mama yangu kwanza. Halafu nitatafuta zahanati. Na nitaandika yangu."

"Nani ataitaja?"

"Hata kama ni mama yangu peke yake." Akacheka kidogo. "Yeye hajui kusoma, lakini atanitaja kwa kila mtu."

Akaniuliza na mimi nitaenda wapi. Nikamwambia sijui. Akasema nikijikuta Naitiri nitafute mama mmoja mwenye vyumba vya mabati nyuma ya kinu cha unga, ni mtu mzuri, nimwambie ni yeye aliyenielekeza. Gari likaja, akaingia.

Siku chache baadaye nilirudi ofisini Kiminini kurudisha sanduku nililokuwa nalo, maana halikuwa langu. Daktari alikuwa mezani. Alikuwa anamenya yai. Hakutaja sherehe wala Sista. Alisema watu wa Naitiri wamekuwa wakaidi. Kijana mpya aliyeajiriwa mahali pa Sista ametumwa huko na kila boma limemwambia halina mtu anayekohoa, wakati wanakohoa mpaka njiani wanasikika. Alitaka niende na mpwa wake, kwa kuwa nyuso zao nazijua, niwalainishe. Aliniahidi kwamba kwenye makala ijayo ataona namna ya kuwashukuru wasaidizi.

Nilimsikiliza huku nikitazama kioo cha kompyuta. Namba ilikuwa imepanda tangu siku ya bango. Ilikuwa imepanda na ingezidi kupanda, kwa sababu hakuna mahali kwenye kioo kile panapoweza kuandikwa kilichotokea juu ya majani ya migomba. Nilimuuliza swali la mwisho: je, yeye mwenyewe husoma zile makala anamotajwa? Alidhani natania. Kipande cha kiini cha yai kilikuwa kimemkaa kwenye kidevu, wala sikumwambia.

Niliweka sanduku chini ya meza, nikatoka. Sikuchukua barabara ya Kitale. Lori la mahindi lilikuwa linaelekea Tongaren, dereva akaniruhusu nipande juu ya magunia matupu, na kabla ya jua kuzama nikashuka Naitiri nikiwa na vumbi mpaka kwenye masikio.

Nyuma ya kinu cha unga nilikuta vyumba vya mabati, safu moja, na mama mmoja amekaa kwenye kigoda akichambua mboga za kunde. Nilimsalimu, nikamuuliza kama kuna chumba. Alinitazama viatu, kisha kifurushi, kisha uso. Alikohoa, akageuka pembeni kwa adabu, akafuta mdomo kwa leso.

"Nani amekuelekeza hapa?"

Nikamtajia Sista. Nilimtaja kwa majina yake yote, lake, la baba yake na la ukoo wao, polepole, nikiyaweka moja moja kama vipande juu ya majani. Langu sikuwa nimelisema bado.

Mama akaacha kuchambua mboga.

"Yule aliyekuja kuniambia kifua changu ni safi," akasema. "Alitembea kutoka barabarani kuja kuniambia tu hivyo. Sasa hao wengine wanakuja na makopo, sijui ni akina nani."

Akainuka, akatoa ufunguo uliofungwa kwenye pindo la leso, akaufungua mlango wa chumba cha mwisho. Kilikuwa na kitanda, dirisha dogo, na harufu ya unga mpya kutoka kinuni.

"Ingia," akasema. "Kesho utaniambia yeye yuko wapi."